Ufito wa Tatu wa Wifi

Ufito wa kwanza niliomtengenezea wifi yangu aliurudisha siku ileile. Hakuingia ndani. Aliupitisha dirishani mwa karakana, mpini ukitangulia, kama mtu anayerudisha ufagio wa kuazima, nami niliyekuwa nakunywa chai nikaupokea kwa mkono mmoja kabla sijaelewa ninapokea nini.

"Wifi," alisema akiwa kulekule nje, "mimi nilikuja kutafuta ufito wa kuvulia. Wewe umenipa kitanda cha hospitali."

Akaenda zake. Nilisikia viatu vyake vikikwangua kokoto, kimoja kikichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Chai ikanipoa mkononi. Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nilikuwa nimeufunga ufito ule kwa uzi wa rangi ya zambarau, rangi anayoipenda, na nilitarajia angalau asante ya mdomoni.

Siku hizi watu wakiniuliza nani alinifundisha kazi hii, mimi huwataja wawili. Wa kwanza ni marehemu mume wangu, na hapo kila mtu huitikia. Wa pili ni dada yake, na hapo hucheka, maana wifi yangu hajawahi kushika gundi wala msasa maishani mwake. Huwaacha wacheke. Alinifundisha kwa kunirudishia kazi yangu dirishani, na sijui kama nimewahi kupewa zawadi iliyonichoma kiasi kile.

Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba. Fito tupu, zisizo na mpini wala kipete, zilisimama pembeni ndani ya bomba la plastiki. Ukutani kulikuwa na misumari iliyoning'iniza vipete vya kupitishia mshipi, vikubwa juu, vidogo chini. Mezani palikuwa na jiliwa la kubania vitu, taa ya shingo ndefu, na vigingi viwili vya mbao vyenye mkato juu, vya kuegemezea ufito wakati wa kuufunga uzi. Harufu ya gundi na ya koki ya mipini iliyopigwa msasa iliingia mpaka kwenye mapazia ya sebuleni, na mgeni akija alidhani tumepaka rangi nyumba jana.

Mume wangu alichagua fito, akazipima, akazitia mipini. Mimi nilifunga uzi. Kila kipete kina miguu miwili midogo, na miguu hiyo hufungwa kwenye ufito kwa uzi mwembamba, mzunguko kando ya mzunguko, bila mmoja kuupanda mwenzake, kisha hupakwa gundi inayokauka ikawa kama kioo. Kazi hiyo niliiweza. Sijisifu, na kama najisifu, ni haki yangu. Lakini kuchagua ufito upi unamfaa nani lilikuwa jambo lake yeye, na kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kulitia mdomo.

Bwawa lililo juu ya mji wetu lina samaki tunaowaita besi, wenye midomo mipana na hasira za karibu. Wadogo humeza chochote. Wale wakubwa wa kilindini hawanyanyuki kwa kitu kidogo, wanataka mlo kamili. Kwa hiyo anayewataka hurusha chambo cha mbao kilichochongwa mfano wa samaki mzima, kizito kama kufuli la geti. Ukikifunga kwenye ufito wa kawaida, ama utavunjika ufito ama litalalamika bega lako wiki nzima.

Hakuna aliyerusha vyambo vile kama wifi yangu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya sokoni, na mjini walimwita Mizinga. Akisimama ukingoni na kuvuta ufito nyuma ya bega, waliokuwa karibu waliinamisha vichwa bila kuambiwa. Desturi ya nyumba yetu ilikuwa kwamba ufito wa vyambo vikubwa hauendi kwa mteja kabla Mizinga hajaurusha bwawani. Mume wangu alisimama nyuma yake, na wala hakuutazama ufito. Alimtazama dada yake mabega. Yakianza kupanda kuelekea masikioni, basi ufito ule ulikuwa unamfanyisha mtu kazi ambayo ulipaswa kuifanya wenyewe, nao ulirudi nyumbani kufumuliwa.

Kisha mume wangu akafariki, ghafla, bila hata homa ya kututayarisha. Na kabla hatujazoea kukipita kiti chake kitupu, wifi naye akapigwa na kiharusi.

Alipona, Mungu ni mwema. Mdomo ulinyooka. Ulimi ulirudi wote, na wengine walisema ulirudi na nyongeza. Mguu wa kushoto ulibaki ukichelewa kidogo, na mkono wa kushoto ukapungua nguvu, vidole vikawa havifungi sawasawa. Watu walimfariji kwa kumwambia ashukuru, kwa kuwa ni wa kushoto tu.

"Tu!" alinifokea mimi, utadhani ndiye niliyesema. "Nikishazungusha gurudumu la mshipi kwa mkono wa kulia, ufito nimeushika kwa upi? Kwa meno?"

Siku aliyokuja karakana kuniomba ufito, nilimwambia ukweli. "Wifi, mimi nafunga uzi tu. Hayo mengine aliyajua kaka yako."

"Basi funga uzi kwenye kitu," alisema, "niurushe."

Ndipo nikamtengenezea ule wa zambarau. Nilichagua ufito mwembamba kuliko zote bombani, mwepesi kama unyasi, unaofaa vyambo vidogo vya ukubwa wa kidole gumba. Nilijiambia kwamba mkono dhaifu unataka kitu chepesi. Hata mtu mwenye akili timamu angefikiri hivyo. Nilichosahau ni kwamba hakuniomba kitu chepesi. Alikuwa ameniomba arudishiwe vyambo vyake vikubwa, mimi nikamkatia kipande kidogo cha maisha yake ya zamani na kumwambia ajitosheleze nacho.

Ufito wa pili niliutengeneza kwa hasira. Nikasema, haya, anataka ukubwa, nitampa ukubwa. Nilichukua ufito wa kaboni, mgumu, wa kisasa, wa aina ambayo wateja wakiingia huuliza kwanza. Nikautia mpini mfupi ili usimsumbue, nikafunga vipete vyote juu, kwenye mstari mmoja ulionyooka, kama mume wangu alivyofanya siku zote.

Tulikwenda bwawani pamoja. Aliurusha. Ufito ule haukupinda, ulitikisika tu, na uzito wote wa chambo ukamrudia mkononi kama mlango uliofungwa kwa upepo. Nikayatazama mabega yake. Yalikuwa masikioni. Akahamishia ufito kushoto ili azungushe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Kila chambo kilipovuta majini, ufito uligeuka ndani ya kiganja chake, vipete vikitafuta kwenda chini, gurudumu likipinduka pamoja navyo, na vidole vyake havikuweza kuuzuia. Nilikimbia kumsaidia.

"Usiniguse!"

Nikasimama. Alipambana mpaka chambo kikafika ukingoni, akauweka ufito kwenye nyasi taratibu sana, akaketi juu ya jiwe. Wifi yangu, ambaye hata kwenye msiba wa kaka yake alilia kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, siku hiyo alilia kimya.

"Nitakupa nafasi moja tena," alisema baadaye, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Ikishindikana, njoo nyumbani uchukue vyambo vyangu vyote uvigawe. Sitaki kuviona ukutani vikinitolea macho."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Jirani yetu mchomea vyuma, rafiki wa mume wangu, tuliyemwita Cheche, aliniona napita na ufito begani akajua yaliyotokea.

"Shemeji," alisema, miwani yake ya kazi ikiwa imepandishwa kwenye paji, "mwambie avue samaki wadogo. Nao ni samaki."

"Kamwambie wewe."

Akashusha miwani, akarudi kwenye kazi yake.

Kesho yake nilikwenda kwa wifi kwa kisingizio cha kumjulia hali. Nilimkuta jikoni anakata vitunguu, akaniamuru nikae nisimsumbue. Nikakaa. Nilikuwa nafikiria namna ya kumwambia kwamba nimeshindwa, kwamba twende mji mwingine tutafute fundi wa kweli, na huku nafikiria, macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake. Mkono wa kulia ulishika kisu. Wa kushoto haukushika kitu. Vidole vyake vilikaa vimelegea juu ya ubao, lakini kitunguu hakikusogea hata kidogo, kwa sababu alikuwa amekibana kwa mfupa wa mkono wote, kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa ameacha kushika. Siku hizi alikandamiza. Na hakuna aliyemfundisha, alijifunza mwenyewe, pale jikoni, bila kumwambia mtu.

"Unalilia nini?" aliniuliza.

"Vitunguu."

"Vitunguu viko kwangu."

Nikainuka nikambusu shavuni, jambo ambalo mimi na yeye hatukuwa na mazoea nalo, nikaondoka mbio. Nilimsikia nyuma yangu akiuliza kuta kama nimerukwa na akili.

Bombani, nyuma kabisa, kulikuwa na ufito ambao mume wangu aliuweka kando kwa sababu hakuna mteja aliyeutaka. Ulikuwa wa faiba, mzito kidogo, na ulipinda polepole mpaka karibu na mpini. Wateja waliutikisa pale karakana wakasema umelala. Lakini ufito unaopinda hivyo hukibeba chambo kizito kwa mgongo wake wote, kisha hukirusha wenyewe, na mtu anachotakiwa kufanya ni kuuanzisha na kuusubiri. Niliutia mpini mrefu kuliko wowote uliowahi kutoka kwetu, ili kitako chake kipite chini ya mkono wa kushoto wa wifi mpaka kwenye kiwiko, aukandamize kama anavyokandamiza kitunguu.

Likabaki lile la kugeuka. Mchana mmoja wa joto, karakana ikinuka gundi hadi kichwa kinaniuma, nilivishika vipete kwa utepe tu, kwenye mstari ulionyooka, nikaulaza ufito kwenye vigingi. Nikapitisha mshipi na kuning'iniza ndoo ndogo ya maji ili nione unavyopinda. Nilisahau kuubana kwenye jiliwa. Ulipinda vizuri, kisha, mbele ya macho yangu, ukajigeuza ndani ya mikato ya vigingi, vipete vyote vikaenda chini.

Nikaurudisha. Ukageuka tena. Nikaurudisha kwa kuufokea, kama ninavyofokea watoto, ukageuka vilevile, na ndoo ikamwaga maji miguuni pangu.

Sijui kwa nini nilicheka. Labda kwa sababu ukaidi ule niliufahamu, nilikuwa nimeolewa katika ukoo wake. Na nikiwa bado nacheka, miguu imelowa, nikajiuliza: kama unataka sana kwenda chini, kwa nini nisiupeleke mimi mwenyewe? Kipete cha kwanza hakina budi kukaa juu, kwa sababu gurudumu la mshipi liko juu. Lakini cha pili kinaweza kuinama kidogo pembeni. Cha tatu kikainama zaidi. Cha nne kikafika chini, na vyote vilivyobaki mpaka nchani vikakaa hukohuko chini. Nikavihamisha kimoja kimoja. Mshipi sasa ulizunguka ufito kama kunde inavyopanda mti wake. Nikajaza ndoo upya, nikaining'iniza, nikaondoa mikono.

Ufito ukapinda, ukatulia. Niliusukuma kwa kidole ugeuke, ukarudi wenyewe mahali pake.

Niliketi sakafuni palepale kwenye maji. Nilimtaka mume wangu. Nilitaka aje aone, nilitaka anibishie, nilitaka aniambie kwamba haijafanywa hivyo katika nyumba hii. Hakuna aliyenibishia. Kwa hiyo nikainuka, nikatafuta uzi.

Wakati nafunga, Cheche aliingia kuazima koleo. Akauona ufito vigingini, akainamisha kichwa upande mmoja, akakiinamisha upande wa pili.

"Shemeji. Ulisinzia ukifunga?"

"Nenda na koleo lako."

"Lako," alisema, akatoka nalo. Lakini sumu alikuwa ameshaimwaga. Niliutazama ufito kwa macho yake nikaona kichekesho, ufito wa mlevi, na nikawaza wifi atakavyonitolea uvivu mbele ya wavuvi wote. Mara kadhaa nilishika wembe nikate nyuzi nivirudishe vipete juu. Nikapiga moyo konde, nikapaka gundi. Gundi ikishakauka, hakuna kurudi nyuma bila kuharibu.

Asubuhi tuliyokwenda bwawani kulikuwa na mawingu, maji yametulia, na bahati yangu hapakuwa na mtu mwingine. Wifi aliupokea ufito akaukagua. Alipitisha kidole cha mkono wa kulia kwenye kipete cha kwanza, cha pili, cha tatu, kidole kikazunguka pamoja navyo mpaka upande wa chini. Mimi nilikuwa nimeshaandaa majibu ya matusi yote ninayoyajua.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Ndoo."

Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha, akaona simfanyii. Akachagua chambo kikubwa kuliko vyote alivyokuja navyo, chenye mgongo wa kijani na tumbo lililobanduka rangi kwa meno ya samaki wa zamani. Akakifunga. Akapanua miguu, ule mzito nyuma. Akakiinua chambo, akauanzisha ufito, akausubiri.

Uliinama wote, kutoka nchani mpaka mpinini, kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi mrefu. Kisha ukafunguka. Chambo kilikwenda juu ya maji, kikaenda, mimi nikajikuta nasema "nenda, nenda" kwa sauti, mpaka kikaanguka mbali kwa kishindo ambacho sikuwa nimekisikia tangu mume wangu akiwa hai. Nikayatazama mabega yake. Yalikuwa chini, mahali pa mabega.

Alihamishia ufito kushoto. Kitako cha mpini kikalala chini ya mkono, akakikandamiza. Akaanza kuzungusha. Gurudumu lilibaki juu. Vidole vyake vilikuwa vimelegea, havishiki kitu, na ufito haukugeuka.

Alirusha tena. Akarusha tena na tena, mpaka mawingu yakafunguka na jua likaanza kunichoma utosini, nami nikaketi nikala peke yangu chakula tulichofunga kwa ajili ya wote wawili. Sikumwita. Sikuwahi kumwona mtu mwenye njaa ya kitu kiasi kile, na nilishukuru kwamba niko pale na kwamba hakuna anayetaka maneno yangu. Namshukuru mpaka leo. Angeupokea ule wa zambarau kwa adabu, akautundika ukutani, akaniambia asante wifi, mimi ningebaki mfunga uzi hadi kufa na yeye angebaki mgonjwa. Alinipenda kiasi cha kunikatalia.

Samaki alikuja wakati nilikuwa sitazami. Nilisikia wifi akipiga ukelele, nikainua kichwa nikauona ufito umepinda mpaka majini na mshipi unakata maji kuelekea kilindini. Niliruka, nikasimama, nikajizuia. Yeye alikuwa ameegemea nyuma kwa mwili wake wote, akizungusha na kutukana, na ufito ulikuwa umetulia mkononi mwake kama uliomea pale. Besi yule aliruka mara moja, mzito, mdomo wazi, akatikisa kichwa, akakitema chambo. Mshipi ukalegea.

Nilifikiri ataumia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye maji ya ukingoni na nguo zake zote, ufito ameuinua juu usiguse tope.

"Ulimwona?" alisema. "Wifi, ulimwona alivyo mkubwa? Mshenzi yule!"

"Nilimwona."

"Basi wewe ndiye shahidi wangu. Cheche hataamini."

Kutoka bwawani kuna mteremko wa udongo unaoteleza. Tangu augue nilikuwa nimezoea kupanda nyuma yake pale, mikono tayari, nikijitia natazama ndege, maana aliyewahi kumshika kiwiko alikatwa kauli akajuta kuzaliwa. Tulipofika chini ya mteremko nilinyoosha mkono kumpokea ufito.

"Uache," alisema. "Ufito wangu naubeba mwenyewe."

Akaubana chini ya mkono wa kushoto. Kisha akanyoosha ule wa kulia, mkono wake mzima, akaniwekea juu ya shingo.

"Nipe bega, wifi. Nimechoka."

Nikampa. Tukapanda polepole, nguo zake zikinilowesha, akinilemea kwa uzito wake wote bila kubakiza hata kidogo, na njia nzima alilalamika kwamba natembea kama bibi harusi.